Kufunga kibadilishi cha kebo ya spidi katika gari la zamani: mwongozo kamili kutoka Kigoma

Hapa Kigoma bado tunaendesha Land Cruiser na Land Rover za miaka ya 1970 na 1980 ambazo bodi na chesisi vyake vingali imara, ingawa injini na giaboksi za asili zilikwisha choka na nafasi yake kuchukuliwa na za mtumba kutoka Japani. Injini mpya huwa faraja kubwa kwa mwenye gari, lakini siku ya kwanza anapolitoa gereji hugundua kwamba mshale wa spidi umelala kwenye sifuri. Giaboksi ya zamani ilizungusha kebo ya chuma iliyopanda hadi kwenye dashibodi, ilhali ile mpya haina pa kuchomeka kebo: ina sensa ndogo yenye waya mbili au tatu inayotoa mapigo ya umeme. Kibadilishi ni kiboksi chenye mota ndani yake, ambacho hupokea mapigo hayo na kuizungusha kebo kwa kasi inayolingana nayo, ili spidomita ya asili iendelee kufanya kazi bila kubadilishwa.

Mwongozo huu unatokana na kazi niliyoifanya kwenye Land Cruiser yangu ya mwaka 1983. Kufunga chenyewe kulinichukua Jumamosi moja. Hesabu ndizo zilizonichukua wiki nzima, na ndiyo sababu nitazieleza kwa kirefu kuliko bolti na waya.

Spidomita inahesabu nini

Spidomita ya kebo haijui kilomita wala saa, bali inajua mizunguko tu. Kebo inapozunguka huzungusha sumaku ndogo iliyo ndani ya kikombe chembamba cha aluminiamu. Sumaku haikigusi kikombe hicho, ila hukivuta kwa nguvu inayoongezeka kadiri inavyozunguka kwa kasi, na springi nyembamba kama unywele hukirudisha nyuma. Mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Kihesabu kilomita, kwa upande wake, huendeshwa na kebo hiyo hiyo kwa meno ya gia, bila sumaku yoyote. Tofauti hiyo uikumbuke, kwa kuwa tutairudia wakati wa kupima.

Kila spidomita imetengenezwa kwa idadi maalumu ya mizunguko kwa kila kilomita au kwa kila maili. Spidomita nyingi za Kijapani hutumia mizunguko 637 kwa kilomita, na mara nyingi namba hiyo huandikwa kwa herufi ndogo usoni pake. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hukata kilomita moja kila dakika, kwa hiyo kebo huzunguka mara 637 kwa dakika. Spidomita nyingi za Kimarekani hutumia mizunguko 1,000 kwa maili. Za Kiingereza hutofautiana, na wenye Land Rover hawana budi kusoma namba iliyo kwenye uso wa spidomita yao wenyewe badala ya kukopa ya jirani.

Kama namba imefutika, ipate kwa mkono. Fungua kebo upande wa giaboksi, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, kisha uzungushe waya wa ndani wa kebo kwa vidole huku ukihesabu, hadi tarakimu ya mwisho isogee nafasi moja kamili. Ikiwa tarakimu hiyo ni ya sehemu ya kumi ya kilomita na umehesabu mizunguko 64 hivi, una spidomita ya 637. Ukiona kihesabu kinarudi nyuma, unazungusha upande usio wake.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha kwanza kwamba unakihitaji kifaa hiki. Baadhi ya giaboksi za Toyota zina sensa iliyofungwa kwa skurubu juu ya kigia kidogo kile kile ambacho zamani kilizungusha kebo, na ukiiondoa sensa unakuta uzi unaopokea nati ya kebo. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, huna haja ya kutumia fedha zaidi ya bei ya kebo yenye urefu unaofaa. Niliona gari la jirani yangu huko Gungu likitengenezwa hivyo kwa nusu saa, nami nikabaki kulionea wivu, kwa sababu giaboksi yangu ilikuwa na tundu lisilo na uzi wowote.

Vibadilishi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza husoma mapigo ya sensa ya giaboksi, na aina ya pili hupata kasi kutoka kwenye setilaiti kwa kutumia GPS. Ile ya pili haijali saizi ya tairi wala uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli), na kwa mtu asiyependa hesabu ni rahisi mno. Hata hivyo, huchukua muda kuzipata setilaiti baada ya kuwasha gari, na mshale wake huchelewa kidogo unapokanyaga mafuta au breki. Kwangu sensa ni bora, mradi sensa yenyewe ni nzima.

Pima pia umeme wa gari lako. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 24, na kibadilishi cha volti 12 kikiunganishwa humo kitaungua kabla hujaondoa mkono kwenye ufunguo. Kwenye gari la namna hiyo weka kipunguza volti, wala usichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili, kwa kuwa betri hizo zitachaji bila ulinganifu na moja itakufa mapema.

Kuijaribu sensa na kuhesabu mapigo

Sensa yenye waya tatu hutumia waya mmoja kwa umeme, mmoja kwa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari) na wa tatu kwa mapigo. Yenye waya mbili kwa kawaida ni koili na sumaku, nayo hutengeneza umeme wake yenyewe kadiri gia inavyopita mbele yake. Ile ya waya tatu kwa kawaida unaweza kuihesabu kwa kuzungusha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) polepole kwa mkono. Ya waya mbili haitaonyesha chochote polepole, kwa sababu umeme wake hutegemea kasi, hivyo usiihukumu kabla ya kuizungusha kwa nguvu ya injini huku multimita (kipimo cha umeme) ikiwa kwenye umeme wa AC.

Kuna jambo linalowapoteza mafundi wengi. Sensa nyingi za waya tatu hazitoi volti kwenye waya wa mapigo, bali huuunganisha waya huo na ethi na kuuachia. Katika gari lililotoka giaboksi, dashibodi ndiyo iliyokuwa ikipeleka volti kwenye waya huo. Ukiipima sensa peke yake, multimita itabaki sifuri. Fundi wangu, kijana hodari wa umeme wa magari, alinyanyua kichwa kutoka chini ya gari akasema, “Mzee, hii sensa imekufa, tutafute nyingine.” Nilimwomba aunganishe rezista ya kilo-omu moja kati ya waya wa umeme na waya wa mapigo, kisha azungushe tena propela. Multimita ikaruka kutoka sifuri hadi 12, ikarudi sifuri, ikaruka tena. Alicheka, akaiokota rezista ya pili akaitia mfukoni. Vibadilishi vingi vina rezista hiyo ndani yake, kwa hiyo soma karatasi ya kifaa kabla ya kuongeza ya kwako.

Ili kuhesabu, nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, uliweke gari juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake, na uzuie magurudumu ya mbele kwa magogo. Weka gia huru na uachie breki ya mkono, kwa kuwa katika baadhi ya magari haya breki hiyo hushika propela yenyewe. Chora alama ya chaki kwenye propela, izungushe mara 20 kamili, na uhesabu kila mara multimita inapopanda. Mimi nilipata mapigo 27, yaani 1.35 kwa kila mzunguko.

Sasa pima tairi. Usitumie saizi iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu tairi lililobeba uzito wa gari hubonyea. Jaza upepo wa kawaida, weka alama ya chaki chini kabisa ya tairi na sakafuni, sukuma gari kwa mstari ulionyooka hadi tairi lizunguke mara 10, kisha upime kwa futi kamba. Yangu yalikwenda mita 24.5, maana yake mita 2.45 kwa mzunguko, au mizunguko 408.2 kwa kilomita. Difu yangu ina uwiano wa 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo propela huzunguka mara 1,677.6 kwa kilomita. Zidisha kwa 1.35, utapata mapigo 2,265 kwa kilomita.

Linganisha na kiwandani. Sensa nyingi za Toyota hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko ambao kebo ingezunguka, na 637 mara 4 ni 2,548. Gari langu linatoa 2,265, kwa kuwa tairi na difu yake si zile ambazo giaboksi hiyo ilizaliwa nazo. Kama ningekiacha kibadilishi kwenye mapigo manne kwa mzunguko, kebo ingezunguka mara 566 tu kwa kilomita, na mshale ungeonyesha 50 wakati gari liko kwenye 56. Mwenye gari wa namna hiyo atapigwa tochi penye kibao cha 50 huku akiapa kwamba hakuvuka, na kwa macho yake mwenyewe atakuwa anasema kweli. Uwiano sahihi ni 2,265 kugawanya kwa 637, yaani mapigo 3.556 kwa kila mzunguko wa kebo.

Ikiwa gari lako lina transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), hakikisha sensa imefungwa kwenye transfa, upande unaokwenda kwenye propela. Ikiwa iko kabla ya transfa, spidomita itadanganya kila unapoingiza gia nzito.

Mahali pa kukiweka na namna ya kuipitisha kebo

Niliweka kibadilishi ndani, chini ya dashibodi upande wa abiria, juu ya kipande cha raba kilichokatwa kutoka tairi kuukuu. Raba hiyo si mapambo: mota hutoa mvumo mwembamba, na bati la dashibodi huukuza kama ngoma. Ndani ya kebini pia kifaa kinaepukana na joto la injini, vumbi la kiangazi na tope jekundu la masika.

Kebo ya zamani huwa ndefu mno kwa mahali hapa, na kishawishi ni kuizungusha kama kamba ya kuchotea maji na kuificha. Usifanye hivyo. Agiza kebo fupi inayolingana na nati za pande zote mbili, na uipitishe bila kona kali: kona yoyote iwe na nusu kipenyo kisichopungua sentimita 15. Kebo iliyokunjwa hujisokota na kujiachia, na mshale huyumba kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Chomoa waya wa ndani, ufute, upake grisi nyepesi ya grafaiti kwa kitambaa, na uache sentimita kama kumi za upande wa spidomita zikiwa kavu. Grisi ikipanda hadi kwenye kikombe cha aluminiamu hukigandisha na sumaku, na mshale utakwenda hadi mwisho wa namba hata kama unaendesha kwa mwendo wa baiskeli.

Kabla ya kufunga nati, bingirisha waya wa ndani juu ya meza iliyo sawa. Ukirukaruka, umepinda, na hakuna kibadilishi duniani kitakachouponya.

Waya

Fungua betri kwanza. Umeme wa kibadilishi uchukue kwenye waya unaowaka ufunguo unapofunguliwa, kupitia fyuzi yake yenyewe ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Changu kilitaka ampia 3. Usiuunganishe na waya wa feni, honi au taa kubwa.

Ethi ndiyo iliyoniaibisha. Niliifunga kwenye bolti nzuri ya dashibodi, iliyong'aa kwa rangi, nikatoka kwa majivuno kuteremka kuelekea Ujiji. Kila nilipowasha indiketa, mshale ulicheza kwa mdundo ule ule wa taa, tik tik, kana kwamba unaisindikiza. Rangi ilikuwa imezuia ethi, na umeme wa indiketa ulikuwa ukitafuta njia ya kurudi kupitia waya za kibadilishi. Nilikwangua rangi hadi chuma kikaonekana, nikaweka washa yenye meno, nikapaka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu, na mchezo ukaisha. Kwa sensa ya waya tatu, ethi ya sensa na ethi ya kibadilishi zifungwe mahali pamoja.

Waya wa mapigo upitishe mbali na alteneta, waya za plagi na bomba la moshi. Tumia waya wenye ganda la nyuzi za chuma, na uunganishe ganda hilo na ethi upande wa kibadilishi tu, kwa maana likiwa na ethi pande zote mbili huanza kubeba umeme usio wake. Kwa sensa ya waya mbili, zisokote waya hizo pamoja kwa urefu wote. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mrija unaonywea kwa joto. Utepe wa umeme peke yake chini ya gari huachia gundi baada ya mvua chache.

Kupima barabarani

Andaa mtu wa pili wa kusoma na kuandika, kwa kuwa dereva kazi yake ni barabara. Mimi nilimchukua binti yangu na daftari lake la shule, tukapita Mwandiga na kuelekea Kidahwe, ambako lami imenyooka vya kutosha kushika mwendo mmoja.

Anza na kihesabu kilomita, usianze na mshale. Nimeeleza juu kwamba kihesabu kinaendeshwa kwa gia, hivyo hakiwezi kukosea kwa sababu ya springi kuchoka au sumaku kupungua nguvu. Endesha kilomita 10 kamili kwa kufuata vibao vya kilomita vya barabarani au umbali wa GPS ya simu, kisha soma kihesabu cha safari. Changu kilisoma 9.9. Nilirekebisha namba kutoka 2,265 hadi 2,242, yaani nilizidisha kwa 0.99. Zingatia mwelekeo: ikiwa kifaa chako kinauliza mapigo kwa kilomita, namba hupunguzwa ili usomaji upande. Ikiwa kinauliza kizidisho, namba huongezwa. Ukikosea hapo, kosa la asilimia moja litakuwa mbili.

Baadaye niliielewa sababu ya kosa lenyewe. Katika mizunguko 20 ya propela mapigo halisi yalikuwa 26.7, na pigo la mwisho nililolihesabu kuwa zima lilikuwa halijatimia. Ningeizungusha mara 100 ningelikamata pale pale gereji, ingawa mkono ungeuma.

Kihesabu kikishakuwa sawa, ndipo uutazame mshale. Ushike kwenye 60 bila kuyumba na upime muda kati ya vibao viwili vya kilomita. Sekunde 60 ni sahihi, na kwa 50 ni sekunde 72. Kwa muda mwingine wowote, gawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde upate kasi halisi. Kama kihesabu ni sahihi lakini mshale unasoma pungufu au zaidi, usiguse tena kibadilishi. Ugonjwa uko ndani ya spidomita, kwenye springi au sumaku, na hilo ni la fundi wa mita. Ukilazimisha kibadilishi kiufuate mshale mgonjwa, utaharibu hesabu ya kilomita, na hapo hata ratiba ya kumwaga oili itakuwa ya kubahatisha.

Mshale ukiyumba kwenye mwendo mdogo na kutulia kwenye mwendo mkubwa, kagua kebo. Ukianguka ghafla hadi sifuri na kurudi, kagua maungio ya waya wa mapigo na plagi ya sensa, hasa baada ya kuvuka maji. Ukicheza gari likiwa limesimama na injini inanguruma, waya wa mapigo unapokea kelele za alteneta, basi uhamishe njia. Mota ikizunguka lakini mshale haunyanyuki, chomoa kebo juu na uangalie kama ncha yake ya pembe nne imeingia kweli kwenye tundu la spidomita. Mara nyingi huwa imesimama milimita mbili nje.

Ukibadilisha saizi ya tairi au difu, rudia upimaji wa kilomita 10. Namba iliyokubali iandike mahali ambapo fundi ajaye ataiona. Yangu, 2,242, imeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha fyuzi, pamoja na tarehe na kilomita zilizokuwa kwenye kihesabu siku giaboksi ilipobadilishwa.